Jioni Tulipomwitikia Mama

Redio yetu ilikaa juu ya meza ndogo iliyotengenezwa kwa ajili yake, na juu ya meza hiyo hapakuwekwa kitu kingine chochote. Ilifunikwa kitambaa cheupe chenye maua ya manjano pembeni, kilichofumwa na senje, yaani shangazi yangu, dada yake baba. Kitambaa kiliondolewa jioni tu, kabla ya taarifa ya habari, na aliyekiondoa ni baba. Alikikunja, akakilaza begani kama mtu anayejiandaa kupokea mtoto mchanga, ndipo akageuza kitufe.

Baba alikuwa fundi wa nguo. Cherehani yake ilikaa kwenye veranda ya duka la mzee mmoja Mwislamu, Mswahili wa Mumias, aliyefungua biashara sokoni kwetu, upande ule wa Kakamega unaopakana na msitu. Mzee huyo aliuza sukari, mafuta ya taa, vitambaa, na mawe ya redio. Mawe ndilo jina tulilolitumia kwa zile betri nene zinazopangwa mgongoni mwa redio, kichwa cha moja kikigusa kitako cha nyingine. Yalipoanza kuchoka, sauti ya mtangazaji ilizama kama ya mtu anayeteremka kisimani, na kesho yake kazi yangu ilikuwa kuyaanika juu ya bati la jikoni. Kukhu, mama yake baba, aliamini kwamba yanakula jua. Nimesoma baadaye kwamba joto huamsha kidogo tu kilichosalia ndani na halirudishi kilichokwisha kutumika. Wakati ule nilijua jambo moja: yakianikwa tunafika hadi habari za michezo, yasipoanikwa tunaishia katika habari za nchi za nje.

Televisheni tulikuwa tukiisikia tu. Kulikuwa na watu mjini waliokwisha kuiona, na mmoja wao alituambia kwamba ukiitazama huwezi kuchambua maharagwe kwa wakati huohuo. Kwa mama hilo lilitosha kuikataa. Redio ilikuacha na mikono yako. Jioni ilipoingia, yeye alichambua maharagwe, baba alishona vifungo, mimi nilisuka kamba ya mbuzi, na masikio yetu yote yalikuwa mahali pamoja.

Giza lilipokaribia, redio ilianza kupiga miluzi, na kwa muda sauti za nchi za mbali zilipitana na za kwetu. Baba alisema ni kwa sababu watu wengi wamefungua redio zao kwa pamoja, kama njia inavyojaa siku ya soko. Sababu yenyewe ni kwamba jua likizama, tabaka la juu la hewa huyarudisha chini mawimbi ambayo mchana hupotea. Sikumsahihisha baba hata baada ya kujua. Maelezo yake yalikuwa mazuri, na waya aliofunga kutoka dirishani hadi juu ya mkaratusi ulifanya kazi vilevile.

Mama ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo katika kikundi cha akina mama cha kijiji chetu. Ngoma ya kwetu ni isukuti, zile tatu zinazobanwa kwapani na wanaume, kubwa, ya kati na ndogo, na nyimbo zake ni za kuanzisha na kuitikia. Anayeanzisha hawezi kuendelea kama hajaitikiwa. Kumwacha aanzishe nawe ukanyamaza ni kama kusalimiwa njiani ukapita. Hata mtu mliyegombana naye asubuhi utamwitikia kwanza, ugomvi mtauendeleza baadaye. Nililijua hilo kama nilivyojua kutembea, na nadhani ndiyo maana hakuna kati yetu aliyelifikiria siku ilipohitajika kufikiriwa.

Mambo yalianza kwenye harusi moja ambako kikundi kiliimba. Mgeni mmoja, mwanamke wa kutoka mbali, alisema kwamba sauti ya mama ni kali na inaingia kwenye meno. Maneno hayo yalimfikia mama kupitia kwa senje, ambaye hakuwahi kubeba neno likafika likiwa jepesi.

"Kwenye meno?" mama akauliza.

"Ndivyo alivyosema, mulamwa." Kwetu mawifi na mashemeji huitana mulamwa, na jina hilo linaruhusu utani wa kila aina.

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Nilimwambia akang'olewe."

Mama alicheka, lakini tangu siku hiyo alianza kuuliza watu. Aliuliza akiwa anaosha vyombo, akiwa anapanda mahindi, akiwa anamsuka mtu nywele. Kila aliyeulizwa alisema sauti yake ni nzuri, na kadiri walivyozidi kusema ndivyo alivyozidi kutowaamini, kwa kuwa wote walikuwa ndugu au wanakikundi. "Mtu wa kwako hawezi kukuambia," alisema. "Atakuambia vipi, na kesho anataka kuazima sufuria?"

Kisha gari la redio likaja. Lilikuwa likizunguka kurekodi nyimbo za vijiji kwa ajili ya kipindi cha jioni, na liliegeshwa kwenye uwanja wa chifu. Ndani yake mlikuwa na mashine yenye magurudumu mawili ya utepe, na fundi wake, kijana aliyezungumza Kiswahili cha pwani, alivaa masikioni vitu viwili vyeusi vilivyounganishwa na waya. Alimsimamisha mama mbele ya maikrofoni, akaanza kuwapanga wengine.

"Akina mama, tafadhalini, hatua moja nyuma. Ngoma, nyuma zaidi. Zaidi kidogo. Zaidi tena."

"Hapa ndipo mwisho," akasema aliyebeba ngoma kubwa. Alikuwa mume wa senje.

"Kuna nini huko nyuma?"

"Mama mkwe wangu."

Kukhu alikuwa ameketi kwenye nyasi miongoni mwa watazamaji, akitazama kando kwa heshima. Mkwe wa kiume hamkaribii mama mkwe wake, hilo halina mjadala, na kijana wa pwani akaambiwa hivyo na watu wengi kwa wakati mmoja. Ilibidi kukhu ahamishwe kwanza ndipo ngoma zirudi nyuma.

Waliimba wimbo wa kupokelea wageni. Fundi alisikiliza akiwa amefumba macho, akitingisha kichwa, na mwishoni akatabasamu na kusema, "Safi." Mama alimsogelea.

"Mwanangu, naweza kujisikia?"

"Haiwezekani sasa, mama. Kuna vikundi vingine vinangoja. Utajisikia redioni."

Aliporudi nyumbani hakuzungumzia kitu kingine. Kijana asiyemjua, wa kutoka pwani, alikuwa amesikia sauti yake kama inavyosikika, na yeye mwenye sauti hajawahi. "Yeye amenisikia," alikuwa akisema. "Mimi ninajisikia kutoka ndani tu, kama mtu aliye chumbani mwake. Sijui nje kukoje."

Hazikupita siku nyingi chifu akatuma habari kwamba kikundi chetu kimechaguliwa kuimba uwanjani, mjini, siku ya sikukuu ya taifa. Akina mama walipiga vigelegele hadi mbuzi wakakimbia. Mama akawangojea wamalize.

"Mimi nitajisikiliza kwanza redioni," akasema. "Nikiona ni kweli yale ya meno, mtu mwingine ataanzisha. Siwezi kwenda kuumiza uwanja mzima."

Walidhani anatania. Walipoona hatanii, wakaingiwa na hofu, kwa sababu hapakuwa na mwingine. Senje alikuwa na sauti, lakini alisahau maneno. Waliobaki walikuwa na maneno, lakini hawakuwa na sauti. Bila mama, kikundi kingekwenda uwanjani kupiga makofi. Kwa hiyo jioni ya kipindi hicho haikuwa ya kujifurahisha tu. Kila aliyekuja kwetu alijua anakuja kungoja uamuzi.

Ilikuwa katikati ya wiki. Siku yenyewe siikumbuki, na nikiwauliza ndugu zangu kila mmoja ana ya kwake. Baba alirudi mapema na mawe mapya, kitu ambacho kwa kawaida kilikuja na Krismasi, pamoja na salamu za mzee wa duka kwamba na yeye atafungua redio yake, inshallah. Alipanda mkaratusi akaukaza waya. Mama alichemsha mahindi na maharagwe kwenye sufuria kubwa, akatandika mikeka, na watu walipokwisha kuketi akasimama mbele ya redio kana kwamba ni yeye mtangazaji.

"Nawaomba jambo moja. Leo msiimbe."

"Nani ataimba?" senje akasema. "Tumekuja kukusikiliza."

"Wewe ndiye ninayekuhofia."

"Mimi? Nitakaa kama mtu aliye kwenye foleni ya hospitali."

"Na ngoma ziko wapi?"

"Nyumbani, kama ulivyosema," ikajibu sauti ya mume wa senje kutoka nje. Kwa kuwa kukhu alikuwa sebuleni, yeye alikuwa amekaa nje chini ya dirisha, juu ya debe tupu, ameupa ukuta mgongo.

Kukhu akaongeza la kwake. "Na anayetaka kukohoa akohoe sasa. Hii redio ikianza sitaki kusikia kifua cha mtu."

Watu kadhaa wakakohoa, kwa utii.

Taarifa ya habari ilipita. Yakafuata matangazo ya vifo, na hapo wanaume walivua kofia, kukhu akaweka bakuli chini, na hakuna aliyetafuna hadi yakaisha. Ndivyo ilivyokuwa kila jioni, maana huenda akatajwa mtu wenu. Nilimwona mama akitazama ule utulivu na kuridhika nao. Kisha kipindi cha nyimbo kikaanza, na wa kwanza walikuwa kikundi cha pwani, waimbaji wenye sauti laini na ngoma nyepesi.

"Hawa wanaimba wameketi," senje akanong'ona.

"Umejuaje?"

"Mtu aliyesimama hawezi kuimba polepole hivyo."

"Labda wameshiba," akasema mwanamke mwingine.

Lakini waliwasikiliza hadi mwisho, hakuna aliyefungua kinywa, na mama akasema, "Mnaona? Mnaweza kunyamaza." Sasa naona alikosea palepale. Watu wa pwani hawakuwa wanatuita sisi.

Mtangazaji akataja Kakamega. Akataja akina mama. Chumba kilivuta pumzi. Mama alikuwa ameketi chini, karibu na mguu wa meza, mikono imekumbatia magoti, macho yametazama kile kitambaa cha mbele ya redio ambako sauti hutokea. Ngoma zikaanza, ndogo na za mbali, kama zinapigwa nyuma ya kilima, kwa sababu zilirudishwa nyuma siku ile. Halafu sauti ikapanda.

Niliijua mara moja. Ilikuwa ile sauti yake ya kuniita kutoka juu nikiwa mtoni. Hata hivyo nilimtazama kinywa ili kuhakikisha kwamba kimefungwa, na kilikuwa kimefungwa.

Maneno ya wimbo ule, kwa Kiswahili, ni haya: Wenye nyumba, mpo? Nao waitikiaji hujibu: Tupo, ingia. Mama wa redioni akauliza kama tupo. Ikabaki nafasi ndogo, ile ambayo mwanzishi huiacha, isiyozidi mtu kuinua kijiko. Na senje akajibu kwamba tupo.

Sidhani kwamba aliamua. Nilimwona akishtuka baada ya kusema, akaziba mdomo kwa mkono, lakini ilikuwa tayari imetoka, na mwitikio wa mtu mmoja ni kitu cha aibu, unasikika kama mtu aliyeachwa na wenzake. Kwa hiyo walipoulizwa mara ya pili walimsaidia. Mara ya tatu nyumba nzima ilikuwepo. Kukhu, aliyewakoholesha watu mapema, aliitikia akiwa amekaa wima kabisa, mikono juu ya fimbo. Nje, debe lilianza kulia kwa mapigo ya ngoma kubwa. Mtu aliyekuwa karibu na meza ya redio akachukua mapigo ya ile ya kati kwa viganja juu ya meza, na redio ikaanza kusogea kuelekea ukingoni. Baba akaidaka na kuikumbatia, kitambaa kingali begani. Baba yangu kanisani alifungua mdomo kidogo tu ili asionekane ameufunga. Jioni ile nilimwona akijibu kwamba tupo, macho yamefumbwa, kidevu juu ya redio.

"Nyamazeni," mama akasema. "Jamani, nyamazeni."

Kwa bahati mbaya alilisema neno hilo kwenye nafasi ya mwanzishi. Wakamwitikia: Tupo, ingia.

Alijaribu tena, akitumia maneno mengine, na hayo pia yakaitikiwa. Alitutazama mmoja mmoja. Kisha nikaona mabega yake yakianza kutikisika, na nikajua ni kicheko, akasimama, akafunga leso kiunoni, akaanzisha mstari uliofuata yeye mwenyewe, mbele ya redio. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kujua ni mama yupi anaitikiwa.

Tuliimba mpaka mikeka ikakunjamana. Tulipotulia, redioni palikuwa na mwanamume anayesifu sabuni.

"Umekwisha," baba akasema.

"Nini?"

"Wimbo. Umekwisha kitambo."

Watu waliketi taratibu. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumtazama mama.

"Nimejisikia mstari mmoja," akasema.

"Na ulikuwaje?" senje akauliza.

"Nilikuwa bado namtafuta huyo anayeimba. Kabla sijampata, mkaingia."

"Waambieni warudie," kukhu akasema.

"Mama, redio haisikii," baba akamjibu.

"Mbona tumeijibu vizuri."

Mama hakukasirika, lakini pia hakulegea. Alisema sikukuu inakaribia, na yeye hajapata alichokuwa akikingoja, kwa hiyo bado hajui kama ataanzisha. Sasa alitaka shahidi. Awe mtu asiye wa nyumbani, awe alisikiliza wimbo wote, na awe tayari kusema ukweli. Siku iliyofuata nilifuatana naye sokoni, na sokoni kila mtu alikuwa amesikiliza.

Alianza na mwalimu mmoja aliyekuwa akinunua nyanya. "Mwalimu, ulisikiliza wote?"

"Wote, mama. Ulikuwa mtamu."

"Uliitikia?"

"Mimi na watoto. Mpaka mama yao akatoka jikoni na mwiko, akatuambia tunaimba vibaya, akaanza kutuonyesha."

"Basi hukusikia."

Mwuza dagaa aliitikia. Fundi wa baiskeli aliitikia, akagonga na rimu. Mwanamke mmoja alisema yeye hakuitikia kabisa, mama akachangamka, lakini ikajulikana kwamba alikuwa amelala. Mwisho wa wiki akaja mjomba, kaka yake mama, aliyehamia Chekalini kulima mahindi, na mama hakumngoja hata amalize chai.

"Redio ulifungua?"

"Nilifungua. Nilikuwa peke yangu, napukuchua mahindi."

"Peke yako. Vizuri. Uliitikia?"

Mjomba alitazama kikombe. "Sasa dada, umekuja mlangoni kwangu, unauliza kama nipo. Ninyamaze?"

"Nilikuwa ndani ya redio."

"Hata kama. Tena majirani walikuja. Huko kwetu kuna watu wa kila kabila, nyimbo zetu hawazijui. Waliuliza ni mgeni gani huyo nimempokea kwa kelele hivyo."

"Ukawaambia nini?"

"Nikawaambia ni dada yangu. Wakaangalia nyuma ya mlango."

Kila mtu alicheka, na mama pia, lakini alipokuwa akivitoa vikombe nilimsikia akisema peke yake kwamba katika wilaya nzima hakuna aliyemsikia. Akina mama wa kikundi walikuwa wameanza kunong'onezana kuhusu nani angejaribu kuanzisha, na walivyojaribiana kando ya kisima haikuwa habari ya kutia moyo.

Ni baba aliyemkumbuka mzee wa duka. Mzee alikuwa akiketi dukani, nyuma ya cherehani ya baba, miaka yote, na labda ndiyo sababu ya kutomfikiria. Tulikwenda Jumatatu. Mzee alikuwa akipima sukari.

"Salaam aleikum, mama. Karibu. Nyumbani salama?"

"Salama, mzee. Nimekuja kukuuliza juu ya ule wimbo."

"Niliusikia. Nilikuwa nimemaliza kuswali magharibi, nikarudisha mlango nusu, nikafungua redio."

"Uliusikia hadi mwisho?"

"Hadi mwisho."

"Uliitikia?"

"Niitikie nini, mama? Lugha yenu naijua ya kununulia kuku tu. Na kwetu Mumias hatuimbi namna hiyo. Nilikaa tu, nikasikiliza."

Cherehani ya baba ikanyamaza. Mama alishusha kikapu chake akakaa juu ya gunia.

"Basi niambie, na usinifiche. Sauti yangu inaumiza meno?"

Mzee alifikiri. "Meno yangu mengi yamekwenda, mama. Hayo si shahidi mzuri. Lakini sikupunguza redio. Sauti ni kali, ndiyo, kama kisu kilichonolewa vizuri, na mtu halaumu kisu kwa kukata." Aliendelea kumimina sukari kwenye karatasi. "Kuna jambo moja tu."

"Liseme."

"Ulikuwa unakimbia. Kila mstari ukikaribia mwisho unaharakisha, kama mtu anayewahi gari. Halafu nasikia pumzi inavutwa, haa, kisha mstari mwingine, haa, mstari mwingine. Nikasema moyoni, huyu mama wanamnyima pumzi."

"Nani wananinyima?"

"Hao wanaoitikia. Wewe hujamaliza kuuliza, wao wameshaingia. Na wao wakimaliza hawakuachii hata nafasi ya kumeza mate."

Mama akageuka kwa baba. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Hiyo ndiyo inayoingia kwenye meno. Si sauti. Ni mbio." Alimshukuru mzee kwa mikono miwili na akatoka kwa mwendo ambao ilinibidi nikimbie kumfuata. Hatukupita nyumbani. Tulivuka kijito hadi kwa senje, tukamkuta akianika mtama.

"Nimempata mtu aliyenisikia," mama akasema.

Senje akasimama. "Amesema nini?"

"Kwamba mnanikata pumzi. Hasa wewe."

"Amenitaja?"

"Hakukutaja. Lakini nani huingia kabla sijamaliza? Hata redioni, mulamwa, hata kwenye redio ulinitangulia."

"Sisi tunakuitikia kwa upendo."

"Mnanisonga kwa upendo."

"Kwa nini hukutuambia miaka hii yote?"

"Ningejuaje? Ninapoimba niko ndani."

Senje aliutawanya mtama kwa kiganja, akaurudisha, akautawanya tena. "Na meno?"

"Mzee anasema hayakuuma. Lakini hana mengi."

"Kwa hiyo utaanzisha au hutaanzisha?"

"Nitaanzisha. Lakini mtavuta mwitikio mpaka nipate pumzi. Nitainua mkono. Mkono ukiwa juu, hakuna kunyamaza. Nikiushusha ndipo mmalize."

"Hilo tu? Hilo ni jepesi."

Mazoezi yalikuwa Jumamosi, kwenye nyasi mbele ya jiko letu. Ngoma zilikuwa zimerudi, na kukhu alikuwa amewekewa kiti upande wa pili wa nyumba ili mkwe wake apige kwa raha. Mama alianzisha mstari wake bila haraka hadi neno la mwisho, wakaitikia, naye akainua mkono. Mkono ukabaki juu. Walivuta. Mama alivuta pumzi ndefu, akatazama mawingu upande wa msitu, akafungua leso akaifunga upya kwa mkono mmoja na kidevu. Walivuta. Wengine walianza kubadilika uso. Mkono ulikuwa bado juu senje alipokatika, akakohoa, akakaa kwenye nyasi na miguu mbele kama mtoto.

"Mulamwa, unatuua."

"Kuna nini?"

"Pumzi imekwisha."

"Imekwisha kweli?"

"Kweli kabisa."

Mama akashusha mkono. Alikuwa akitabasamu kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu ile harusi. "Kunywa maji turudie," akasema.

Nilimletea senje kikombe. Alikuwa bado nacho mdomoni mama alipoanzisha tena, na maji yote yakamwagikia nyasi, maana ilibidi aitikie.